Nambari Kumi na Moja

Imezimika tena.
Haikuaga. Skrini imegeuka buluu ya sare ya shule,
maandishi meupe yasiyomwambia mtu kitu,
na feni inazunguka bado
kama mgeni anayeendelea na hadithi yake
taa zikiwa zimeshazimwa.

Coventry, Februari, saa nane ya usiku.
Huu ni usiku wa nne.
Nimeilaza ubavu juu ya meza ya chakula,
nimeivua bati lake, skrubu sita kisahanini,
bisibisi ya kuazima kwa Bi Maureen wa ghorofa ya chini,
aliyeniuliza kama natengeneza redio
nikajibu ndiyo, kufupisha maneno.

Kwanza nilishuku joto.
Nikapuliza vumbi. Vumbi la nani hili?
Nilimnunulia jamaa mmoja sokoni, pauni tisini,
akaapa haijatumika,
na ndani nimekuta unywele mrefu mwekundu
na pini ya karatasi.
Nikashuku kumbukumbu: nikavitoa vijiti vyake viwili,
nikavisugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikavirudisha, kimoja, kingine, mpaka vikalia ta.
Ikawaka.
Nikasema alhamdulillahi mapema mno.

Basi nikaacha kushuku, nikaanza kuandika.
Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
kadi ya sauti peke yake, nzima.
Modemu peke yake, nzima.
Zote mbili, buluu.

Nikafungua orodha ya vifaa,
nikashuka na kidole kama karani wa mirathi,
na hapo, penye alama ya njano,
sauti: kumi na moja.
Modemu: kumi na moja.

Kumbe kila kifaa kina nambari yake
ya kubishia hodi kwa bwana mkubwa wa katikati,
na hawa wawili wamepewa mlango mmoja.
Huyu akibisha, yule anajitokeza.
Bwana hajui amkaribishe nani,
anaanguka kifudifudi na kazi zake zote mkononi.

Wahenga walinena fahali na zizi.
Hawakupanga chumba huku.
Mimi na Makame tuna kitanda kimoja:
yeye zamu ya mchana, kiwanda cha milango ya magari,
mimi usiku, nafagia ofisi za watu wa bima.
Anapoamka naingia; shuka huwa haijapoa.
Mwaka mzima hatujagombana,
kwa kuwa hatujakutana.
Likizo ndiyo iliyotuponza.
Wiki hii nina usiku wangu mwenyewe na sina pa kuuweka.
Juzi tumerushiana maneno kwa sababu ya mto.
Jana, soksi.
Sasa anakoroma pale, na mimi nimepata mashine ya kukesha nayo.

Nikaing'oa modemu kwenye nafasi ya tatu.
Nafasi ya tano ilikuwa wazi, imezibwa na kibati;
nikakikunja, kikanikata kidole gumba.
Nikaisukuma humo, taratibu, huku nikiibembeleza
kwa maneno ambayo sijamwambia binadamu tangu nifike.
Nikawasha.
Modemu: tisa.
Sauti: kumi na moja.
Nikangoja dakika kumi nzima, mikono mapajani,
nisiiguse.

Ndipo nikaishusha barua ya Biubwa, dada yangu,
iliyonigomea tangu Jumatatu,
barua ya sauti, ametia kwa kijana mwenye duka Chake.
Sauti ikapasuka chumba kizima:

*Weye! Mabati umesema thelathini,
yamekuja ishirini na sita, na mawili yametoboka!
Nani anakuhesabia huko?*

Makame akaketi. "Nani huyo?"
"Dadangu."
"Anataka nini?"
"Mabati."
Akafikiri kidogo. Akalala tena, uso ukutani,
na upande wa dirisha akaacha pengo
la mtu mmoja, mwembamba.

Nimefunga bati. Nimehesabu mara mbili.
Skrubu moja imebaki kisahanini
na kompyuta inafanya kazi.